Mwanamichezo gani alibadilisha MCHEZO wenyewe, sio rekodi tu?

Mchambuzi wa Benchi

Wakuu habari za muda huu.

Jana nimekaa na bro wangu tumebishana masaa mawili nani mkali kati ya Messi na Ronaldo, mwisho wa siku hakuna aliyeshinda tumenuniana tu, nikajiuliza hivi kwa nini kila siku tunagombania nani BORA wakati kuna swali tamu kuliko hilo na halijibiwi kwa kuhesabu magoli. Swali lenyewe ni hili, ni mwanamichezo gani ambaye baada ya yeye kupita, wenzake wote ilibidi wabadilishe namna wanavyocheza? Sio aliyebeba makombe mengi. Kuna watu wameshinda kila kitu lakini wamecheza mchezo ule ule walioukuta, wao wameucheza vizuri zaidi tu.

Kipimo changu rahisi. Mtoe huyo mtu kwenye historia halafu mwangalie dogo wa miaka 12 anayejifunza huo mchezo leo. Angefundishwa tofauti? Kama hapana basi huyo alikuwa mkali tu, apewe maua yake akae pembeni.

Naanza na wangu: Dick Fosbury, Mmarekani, kuruka juu. Kabla yake wakali wote walikuwa wanaruka kifudifudi, mguu mmoja unatangulia, tumbo linaangalia chini, unajiviringisha juu ya ufito kama mtu anayeruka ukuta usiku. Fosbury akiwa shule hiyo staili ilimshinda kabisa, akarudi kwenye ile ya mkasi ya kizamani, ile unaruka kama umekaa, sasa kila akitaka kupanda zaidi anajikuta anainua kiuno na mabega yanaenda nyuma, mpaka siku moja ya mashindano mwaka 1963 akajikuta anapita mgongo ukiwa chini na siku hiyo hiyo akaongeza kama sentimita 15 kwenye kiwango chake. Kumi na tano! Mrukaji anaweza kusota misimu miwili kutafuta tano. Gazeti la kwao likamfananisha na samaki anayetapatapa ndani ya boti.

Tafuteni klipu ya Mexico City 1968 muangalie wenyewe. Jamaa anasimama muda mreeefu, anayumba mbele na nyuma, anakunja na kukunjua vidole kama mtu anayeogopa kuingia maji ya baridi. Halafu anatoka, hakimbii moja kwa moja, anakata kona kama herufi J, akifika anaupa ufito mgongo, kinapita kichwa, mabega, kiuno, miguu inafyatuka mwisho kabisa. Alivuka kila kimo mpaka 2.22 kwa jaribio la kwanza, 2.24 akavuka kwa jaribio la tatu, dhahabu na rekodi ya Olimpiki. Ujanja wenyewe ni kwamba mwili unapita kipande kipande, umejipinda kama upinde, kwahiyo ile nukta ya katikati ya uzito wake inaweza kupita CHINI ya ufito huku yeye mwenyewe kapita juu. Yaani unavuka kimo ambacho nguvu ya miguu yako peke yake isingekufikisha.

Munich 1972 mwanaume aliyeshinda, Jüri Tarmak, alikuwa bado anaruka kifudifudi. Kuanzia Montreal 1976 mpaka leo hakuna mwanaume aliyechukua dhahabu ya Olimpiki bila kuupa ufito mgongo. Hata mmoja.

Haya leteni wenu. Ila ukileta jina leta na sababu, sio unaandika "Pele" halafu unapotea.

Mjomba Pasi Ndefu

Pele

Mchambuzi wa Benchi

Nilijua tu 😂

Kipa Mstaafu

Mimi naenda golini maana ndo kazi niliyoifanya shuleni mpaka goti likakataa. Wakati wetu kipa akigusa mpira kwa mguu kocha anapiga kelele nje huko "POTEZAAA", maana yake piga mbali popote, hata ukienda kwa mpinzani poa tu, mradi usikae karibu na goli. Mguu wangu wa kushoto sikuwahi kuutumia mechi nzima, ulikuwa wa kusimamia tu. Sasa hivi mtoto wa dada yangu ni kipa wa timu ya wadogo, nimeenda kumuangalia mazoezini, nusu saa nzima ya kwanza hakudaka mpira hata mmoja, anapiga pasi fupi tu na mabeki, kushoto kulia kushoto kulia, nikamuuliza kocha wake huyu ni kipa au kiungo? Akanicheka.

Watu watasema Manuel Neuer na ni kweli, Kombe la Dunia 2014 ile mechi ya Ujerumani na Algeria ni darasa. Algeria wanapiga mipira mirefu nyuma ya mabeki, Slimani anakimbilia, unaona kabisa huyu anabaki na kipa, ghafla Neuer huyo hapo mita nyingi nje ya boksi lake anatelezesha mguu kama beki wa kati. Sio mara moja. Bila yeye Ujerumani wangeenda nyumbani siku ile na lile kombe wasingelibeba.

Ila mimi heshima yangu nampa René Higuita wa Colombia ambaye alikuwa anafanya hayo wakati kila mtu anamwona chizi. Na aliumia kwa ajili yetu, Italia 1990 dhidi ya Cameroon, muda wa nyongeza, katoka mpaka huko mbali anataka kumpiga chenga Roger Milla, Milla akamnyang'anya akaenda kufunga goli tupu, Colombia nje. Baada ya hapo kwa miaka mingi kila kipa akitaka kutoka anaambiwa "unataka kuwa Higuita?" Leo asiyeweza kutoka ndo hana timu.

Mzee wa Kanuni

Kipa Mstaafu umesema vizuri ila umeruka kitu kikubwa sana mdogo wangu. Aliyebadilisha ukipa sio Higuita wala Neuer, ni sheria ya 1992 ya kumkataza kipa kudaka mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake. Kabla ya hapo timu ikiwa inaongoza beki anamrudishia kipa, kipa anadaka, anamtupia beki, beki anamrudishia tena, dakika zinakwenda mnaangalia tu kama wajinga. Euro 1992 ndo mashindano makubwa ya mwisho kwa sheria ya zamani na Denmark waliitumia vizuri sana na kipa wao Schmeichel. Sheria ilipokuja makipa wote duniani ikabidi wajifunze mguu, watake wasitake. Hata huyo Higuita asingezaliwa tungefika hapa hapa.

Na hata huyo Fosbury wa mleta mada. Kabla ya magodoro ya sponji watu walikuwa wanatua kwenye mchanga au vumbi la mbao. Nani angejitupa kwa shingo kwenye mchanga? Angeruka mara moja tu na ndo ingekuwa ya mwisho. Kwahiyo mnamsifia mtu, mimi namsifia aliyetengeneza godoro.

Mchambuzi wa Benchi

Mzee wa Kanuni shikamoo, hoja yako nzito lakini ina tundu. Godoro lilikuwa la wote! Wale Warusi na Wamarekani waliokuwa wanaruka kifudifudi walikuwa wanatua kwenye magodoro yale yale na hakuna aliyewaza kugeuka. Kifaa kinafungua mlango tu, lazima apatikane mtu wa kupita, na wa kwanza kupita ndo anayechekwa.

Nakubaliana na wewe sehemu moja tu. Kanada kulikuwa na binti anaitwa Debbie Brill naye aligundua kuruka mgongo mgongo kivyake miaka hiyo hiyo, bila kuiga kwa Fosbury. Kwahiyo inaonekana muda ulikuwa umefika, angekosa huyu angekuja yule.

Mzee wa Kanuni

Marahaba. Basi umejijibu mwenyewe.

Nyavu Kavu

Jamani mnazunguka wakati jibu liko wazi, Stephen Curry, uzi ufungwe.

Mimi nacheza kikapu na nafundisha madogo wikiendi, nakuambia hakuna mtu kaharibu mazoezi yangu kama huyu jamaa, na hapo nasema kwa mapenzi. Zamani dogo akipewa mpira mara ya kwanza anakimbilia chini ya kikapu. Siku hizi dogo hata mpira haujamzoea mkononi, kimo chake hakinifikii kifuani, anasimama karibu na mstari wa katikati anarusha kwa mikono miwili kutoka kiunoni, mpira haufiki hata kwenye wavu, halafu ANAGEUKA kabla haujatua kama anavyofanya Curry. Anageuka! Nimewapigia kelele mpaka nimechoka.

Sasa twende kwenye namba. Mstari wa pointi tatu NBA, ile ligi ya kikapu ya Marekani, uliingia msimu wa 1979-80, na msimu ule timu moja ilikuwa inajaribu chini ya mitupo 3 ya mbali kwa mechi nzima. Siku hizi ni zaidi ya 35. Rekodi ya mtu mmoja kwa msimu ilikuwa 269 ya Ray Allen, Curry akaivunja na 272, akaja na 286, halafu msimu wa 2015-16 akapiga 402. Mnaelewa maana yake? Mia tatu hakuna mtu aliyewahi kuzifika, yeye hakusimama hapo hata kupumzika, akapitiliza moja kwa moja hadi mia nne.

Kuna ile mechi na Oklahoma City, Februari 2016, matokeo sare, muda wa nyongeza unaisha. Curry anavuka mstari wa katikati anatembea tu, haombi taimauti, haangalii mwenzake, beki wake yuko mita kadhaa nyuma anajua huku bado salama, na jamaa anainua kutoka kama mita 11. Ndani. Hiyo ilikuwa ya 12 kwa usiku ule. Ukiirudia ile klipu usimuangalie Curry, mwangalie beki. Hakukosea kitu! Alisimama pale ambapo mabeki wote kwa miaka yote walifundishwa kusimama. Uwanja ulikuwa umeongezeka tu urefu bila yeye kuambiwa.

Na sio wafupi tu waliobadilika. Brook Lopez, jitu la zaidi ya mita 2.10, misimu yake minane ya kwanza alifunga pointi tatu TATU. Yaani mara tatu kwa miaka minane. Msimu uliofuata akafunga 134. Majitu yaliyokataa kujifunza kurusha yakabaki bila kazi.

Mzee wa Kanuni

Nyavu Kavu asante, umenipa risasi mwenyewe. Mstari umewekwa 1979, Curry kaja miaka thelathini baadaye. Na hata alipokuja, kuna watu wa hesabu walikuwa wameshakaa na kalamu wakaona mtupo wa mbali unaoingia mara 4 kwa 10 unalipa kuliko wa kati unaoingia mara 5 kwa 10. Piga mwenyewe, 12 dhidi ya 10. Timu ya kwanza kumaliza msimu ikiwa imejaribu mitupo ya tatu mingi kuliko ya mbili sio hata ya Curry, ni Houston msimu wa 2017-18. Kwahiyo Curry ni sura, injini ni hesabu.

Mimi kwenye kikapu nawakubali wale ambao SHERIA ilibadilishwa kwa sababu yao, hiyo ndo heshima kubwa kuliko kikombe. George Mikan, miwani yake na urefu wake wa mita 2.08, alikuwa anasimama chini ya kikapu anachota tu, 1951 NBA wakapanua lile eneo la mbele ya kikapu mara mbili, kutoka futi 6 hadi 12, ili wamsogeze. Mwaka mmoja kabla, timu ya Fort Wayne walipocheza na timu yake wakaona hawa hatuwawezi, wakakaa na mpira tu hawarushi, mechi ikaisha 19 kwa 18. Mechi nzima ya watu wazima! Mambo kama hayo ndo yalileta saa ya sekunde 24 mwaka 1954. Halafu akaja Wilt Chamberlain, 1964 wakapanua tena hadi futi 16. Vyuo vya Marekani vikapiga marufuku kudanki kuanzia 1967 hadi 1976, na kila mtu alijua ni kwa ajili ya kijana mmoja aliyekuwa anaitwa Lew Alcindor, ambaye ndo Kareem Abdul-Jabbar.

Na mkitaka kiboko ya wote ni Uwe Hohn wa Ujerumani Mashariki, mwaka 1984 alirusha mkuki mita 104.80. Uwanja wenyewe ulikuwa unakaribia kuisha! Kuanzia 1986 mkuki wa wanaume ukatengenezwa upya, uzito ukasogezwa mbele kidogo ili ncha ishuke mapema, rekodi zikaanza kuhesabiwa upya. Rekodi ya mkuki mpya ni ya Jan Železný, 98.48 mwaka 1996. Hohn ndo mtu pekee aliyepita mita mia na atabaki peke yake.

Dada wa Mizunguko

Mzee wangu hapo kwa Hohn nakupinga kidogo kwa heshima. Hohn hakubadilisha namna ya kurusha, alirusha kama wengine ila mbali zaidi, waliobadilisha ni wakubwa kwenye meza. Kwa kipimo cha mleta mada hapiti.

Mimi nimekimbia 1500 nikiwa shule na nataka kuleta jina ambalo vijana wengi wanalisahau. Filbert Bayi wa Tanzania. Kocha wetu mbio hizo alikuwa anatufundisha kitu kimoja tu, kaa nyuma, jifiche, mwache mwingine akate upepo, ukisikia kengele ya mzunguko wa mwisho ndo ufungue. Na ukiangalia mbio nyingi za ubingwa ndivyo zilivyo, mizunguko mitatu watu wanasukumana kama foleni halafu mita 300 za mwisho ndo mashindano.

Sasa Christchurch, Februari 1974, Michezo ya Jumuiya ya Madola. Bayi ana miaka 20. Bastola inalia anaondoka, yaani anaondoka kama mtu wa 800, katikati ya mbio ana pengo ambalo kwenye video unaweza kudhani wengine wako mbio nyingine. Wote wakajua atakufa. John Walker wa New Zealand anatafuna lile pengo kidogo kidogo, kelele za uwanja mzima ni za kwake maana yuko nyumbani, mita 50 za mwisho yuko pale nyuma kabisa ya bega, na Bayi anageuka kuangalia, anamuona, na ANAONGEZA. 3:32.16, rekodi ya dunia. Walker wa pili 3:32.52, naye kavunja rekodi ya zamani na hakupata kitu, masikini. Wa tatu Ben Jipcho wa Kenya.

Kila nikiiangalia nywele zinasimama. Hakukuwa na mtu wa kumvutia kasi, hakukuwa na zile taa za kuonyesha kasi za pembeni ya uwanja za siku hizi.

Nyavu Kavu

Dada hiyo ni tamu nimeitafuta nimeiangalia mara mbili. Ila swali, kwa kipimo hicho hicho ulichompigia Hohn, je Bayi anapita? Maana 1500 za ubingwa mpaka leo watu bado wanajificha nyuma.

Dada wa Mizunguko

Umenikamata hapo 😅 Hapiti. Nimelala nikawaza na sina jibu. Alionyesha njia, watu wakaiona, wakarudi kule kule kwenye foleni yao. Na sio kwa uoga tu, sababu ipo, anayekimbia mbele anakata upepo wa wote na anakuwa saa ya wote. Paris 2024 Jakob Ingebrigtsen aliongoza kwa kasi ya hatari akitegemea kuwaua, matokeo yake aliwavuta, Cole Hocker akashinda kwa 3:27.65 na yeye mwenyewe akatoka wa nne bila medali. Kwenye 800 David Rudisha aliweza, London 2012, mbele mwanzo mwisho, 1:40.91, na kasi yake ilivuta wote mpaka aliyekuwa wa nane alimaliza kwa muda ambao ungempa dhahabu Olimpiki tatu zilizotangulia. Lakini Rudisha ni Rudisha, huwezi kumwambia mtoto "kimbia kama yule" ukategemea arudi salama.

Basi kama ni kubadilisha kweli kweli kwenye riadha namtaja Emil Zátopek. Yule hakubadilisha mbio, alibadilisha MAZOEZI. Mita 400 haraka, anajikokota kidogo, 400 tena, tena, tena, mara nyingi kuliko akili ya kawaida. Watu walimshangaa, na alipokimbia uso wake ulikuwa kama wa mtu anayenyongwa. Helsinki 1952 akachukua 5000, 10,000 na marathoni aliyokuwa hajawahi kuikimbia maishani. Leo hakuna mkimbiaji wa mbio ndefu ambaye wiki yake haina vipande vya namna hiyo, na wengi jina hawalijui.

Kuhusu Kipchoge kabla hamjaniuliza: 1:59:40 ya Vienna 2019 ilibadilisha vichwa vya watu, lakini ukiuliza kilichobadilisha mbio zenyewe miaka hii nitakwambia kiatu, ile soli nene yenye bamba la kaboni. Mzee wa Kanuni hapa tuko pamoja, walipoona inazidi mwaka 2020 wakaweka kikomo, soli isizidi milimita 40 na bamba lisizidi moja.

Mjomba Pasi Ndefu

Muhammad Ali. Mikono chini, anaegemea nyuma kwa kichwa tu, makocha wote wanasema usifanye hivyo. Na safari hii nimeleta na sababu msinicheke.

Kipa Mstaafu

Mjomba kidogo umepanda daraja. Ila waliomuiga Ali wengi walilala chini, ile ilikuwa miguu yake na macho yake.

Turudi kwenye mpira. Kuna mtu anaitwa Nándor Hidegkuti wa Hungary, Novemba 1953 pale Wembley. Kavaa namba 9 lakini hakai mbele. Beki wa kati wa Uingereza, Harry Johnston, kazi yake siku zote ni kukaa na namba 9, sasa namba 9 anarudi kati kuchukua mpira. Amfuate? Akimfuata nyuma kunabaki shimo, Puskás anaingia. Asimfuate? Jamaa anageuka na mpira mguuni bila mtu. Hidegkuti akafunga la kwanza dakika ya kwanza, akamaliza na matatu, 6 kwa 3. Marudiano Budapest mwaka uliofuata Waingereza wakala 7 kwa 1.

Halafu miaka 55 baadaye, 2 Mei 2009, Bernabéu, Real Madrid na Barcelona, kocha wa Barcelona Guardiola anamtoa Messi pembeni anamweka kati halafu anamwambia usikae na mabeki. Cannavaro na Metzelder wanaangaliana, hakuna mtu wa kukaba! 6 kwa 2. Shimo lile lile.

Mchambuzi wa Benchi

Sasa hapo unampa nani? Messi, Guardiola au Hidegkuti?

Kipa Mstaafu

Hidegkuti. Na bro wako mwambie Messi hayupo kwenye orodha yangu, Ronaldo pia, muache kununiana.

Sarakasi na Chai

Mbona hamna mtu wa jimnastiki? Watu wote watataja Simone Biles na mimi nampenda kufa, kuna mizunguko ina jina lake na hakuna mwingine anayethubutu kuijaribu. Sasa hapo ndo tatizo kwa kipimo chenu, hakuna mwingine! Kafungua mlango halafu kapita peke yake.

Anayepita kipimo ni Natalia Yurchenko wa Muungano wa Sovieti, mwaka 1982. Kwenye kuruka meza, wengine walikuwa wanaikimbilia wanaifikia kwa mbele. Yeye akapiga sarakasi ya kugeuka kabla ya ubao wa kurukia, akaingia kwenye meza KINYUMENYUME, haioni anakoenda kuweka mikono. Leo angalia fainali yoyote ya wanawake, wengi wao wanaingia hivyo, hata ule mruko mkubwa wa Biles umejengwa juu ya huo. Ni hatari pia, na kile kifaa chenyewe mwaka 2001 kilibadilishwa, kutoka kile chembamba cha zamani kikawa hiki kipana, mkono ukikosea kidogo bado unapata pa kutua.

Na mwingine ni Jan Boklöv, Msweden wa kuruka na ski. Wote walikuwa wanaruka na ski zimelala sambamba, yeye akazitanua mbele kama herufi V. Majaji wanamkata pointi za staili kila mruko, anaenda mbali zaidi hata hivyo, msimu wa 1988-89 akawa bingwa wa jumla wa Kombe la Dunia huku anakatwa pointi. Miaka michache baadaye wote V, na majaji wakanyamaza.

Mchambuzi wa Benchi

Huyo Boklöv ni ndugu wa Fosbury kabisa. Asante sana dada, au kaka, sijui.

Mzee wa Kanuni

Mnataja waliofanikiwa tu. Mimi nawaletea aliyekuwa sahihi na hakuna aliyemfuata. Rick Barry. Mtupo wa adhabu alikuwa anarusha kwa mikono miwili kutokea chini, katikati ya magoti, kama mtu anayemwaga ndoo. Karibu asilimia 90 maisha yake yote NBA. Mpira unapanda taratibu, unashuka laini, ukigusa chuma hauruki mbali.

Wilt Chamberlain, ambaye mitupo ya adhabu ilikuwa inamtesa, alijaribu hiyo staili msimu wa 1961-62. Usiku aliofunga pointi 100, tarehe 2 Machi 1962, alipata mitupo 28 kati ya 32. Ishirini na nane! Wilt! Halafu akaiacha, na baadaye akakiri mwenyewe kwamba alijiona mjinga kurusha vile. Akarudi kwenye kukosa kama kawaida yake.

Nyavu Kavu

Mzee hii umeitoa wapi jamani 😂 kesho mazoezini najaribu narudi na majibu.

Nyavu Kavu

Nimerudi. Kawaida yangu kwenye kumi napata sita, siku nzuri saba. Leo nimerusha ya chini, kumi za kwanza nimepata tano, kumi za pili nane, na hapo sijawahi kuifanya maishani mwangu. Mpira kweli unashuka laini, hata sauti ya wavu ni nyingine.

Wale madogo wamenicheka mpaka mmoja kakaa chini kabisa ameshika tumbo, mwingine katoa simu. Kumi za tatu nimerusha kama kawaida. Sita.